Mota Haivuti Pumzi

Ukipanda boda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, kuna kilima ambapo dereva hugeuza shingo na kukuambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi: "Mangi, shuka kidogo, nitakupokea hapo juu." Unashuka. Kama mmepanda mshikaki mnashuka wote, mnapanda kwa miguu na mifuko yenu ya sokoni, na Boxer inanguruma gia ya kwanza mbele yenu kama ng'ombe anayesukumwa kuingia kwenye josho. Huko juu mnaikuta imesimama inanuka klachi.

Nimeshushwa hivyo Kibosho, Uru na Machame mara nyingi, na kwa miaka yote hiyo nililaumu mwinuko peke yake. Kumbe kuna mwizi mwingine. Injini ya petroli hula hewa kuliko inavyokunywa mafuta: kila gramu moja ya petroli inahitaji karibu gramu 15 za hewa ili iungue sawasawa. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani, hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini iko kwenye mita 800 hadi 900 hivi, Arusha karibu 1,400, na lango la Marangu limepita 1,800. Boxer ya cc 150 hutoka kiwandani na nguvu ya farasi kama 12 tu. Ukiifikisha Marangu ikiwa na abiria wawili na ndoo ya mbege, umeshainyang'anya farasi mmoja na nusu au wawili kabla hata hujaanza kuhesabu kilima.

Mota ya umeme haina mapafu. Nguvu inayotoa Tanga ufukweni ndiyo itakayotoa Marangu, na huitoa tangu tairi linapoanza kuzunguka, bila kusubiri injini ipande mzunguko wala klachi ishikwe kwa ujanja.

Ndiyo maana nina msimamo mmoja kuhusu pikipiki za umeme za vumbini, hizi ambazo vijana wa Arusha wanazitazama kwenye simu usiku kucha. Zikija kwetu kwa wingi, zitashinda kwanza kwenye vilima na kwenye viwanja vifupi vya mbio. Porini zitachelewa. Lakini picha za matangazo zote ni za porini: jangwa, machweo, mtu peke yake na pikipiki yake. Tukiyafuata matangazo tutaishia kuisukuma pikipiki kilomita 20 kurudi Longido, halafu tutasema teknolojia ni ya uongo.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 2013, katika mbio za kupanda mlima Pikes Peak huko Colorado, Marekani. Njia ina urefu wa kilomita 20 hivi na kona 156. Inaanzia mahali palipo juu kuliko kijiji chochote cha Kilimanjaro na kuishia mita 4,302, chini kidogo tu ya kilele cha Meru. Mwaka huo Carlin Dunne alipanda na pikipiki ya umeme iitwayo Lightning, akatumia dakika 10 na sekunde isiyotimia, na akaziacha pikipiki zote za petroli kwa zaidi ya sekunde 20. Sekunde 20 kwenye mbio ni karne. Miaka mitano baadaye gari la umeme la Volkswagen, likiendeshwa na Romain Dumas, lilipanda mlima uleule chini ya dakika nane na kuvunja rekodi ya magari yote, yawe ya petroli au ya chochote. Mtu anaweza kunikatiza hapa kwamba Pikes Peak siku hizi ni lami tupu, na mimi nazungumzia vumbi. Ni kweli. Ila hewa haijali chini kuna lami au kuna matope.

Kwenye vumbi lenyewe, safari ya umeme imekuwa ya kupanda na kushuka. KTM ya Austria iliingiza sokoni Freeride E mwaka 2014, pikipiki nzuri ya kujifunzia na yenye betri ndogo. Huko California kampuni ya Alta ilitengeneza Redshift, ambayo wajuzi waliisifu kwamba inaweza kusimama na za cc 250. Kampuni ikafunga milango mwaka 2018. CAKE ya Sweden, zile nyeupe zinazofanana na fanicha, ilifilisika mwanzoni mwa 2024. Anayetaka kucheka asicheke mapema, maana mwishoni mwa mwaka huohuo KTM, mfalme wa pikipiki za vumbini za petroli, nayo ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wanaoidai.

Iliyobadilisha mazungumzo ni Stark Future ya Hispania, iliyozindua VARG mwishoni mwa 2021. Walitangaza nguvu ya farasi 80, betri ya uniti 6 za umeme na uzito wa kilo 110. Pikipiki ya motokrosi, yaani ya mbio za uwanja wa vumbi wenye kona na miruko, ya cc 450, ile ambayo watu wazima huiogopa, ina farasi kati ya 55 na 60. Halafu Honda, ambao hawana tabia ya kukurupuka, walipeleka pikipiki yao ya majaribio ya CR Electric kwenye mashindano ya taifa ya Japani Oktoba 2023, ikiendeshwa na Trey Canard, ikakimbia na za petroli kwenye uwanja mmoja.

Ila hao farasi 80 sio kitu kilichonivutia kwenye VARG. Kilichonivutia ni kwamba unaweza kuwapunguza. Kwa kugusa simu, pikipiki hiyohiyo inashuka hadi farasi 10, halafu inapanda tena, na kila mwendeshaji anaiwekea ukali anaoumudu. Sasa nenda uwanja wowote wa motokrosi huku kaskazini siku ya mbio. Utawaona watoto wa familia chache, wengi wao wenye mashamba au kampuni za utalii. Mtoto anaanza na cc 50, akikua ananunuliwa 65, kisha 85, kisha 125, kisha 250, na kila hatua ni pikipiki nyingine iliyoletwa kwa meli, na vipuri vyake, na mtu wa kuitunza. Mchezo unakuwa wa urithi. Kijana wa Ngarenaro mwenye kipaji, anayepita kwenye foleni ya soko la Kilombero na mzigo wa viazi nyuma bila kugusa kioo cha mtu, anabaki kushangilia nje ya kamba.

Klabu ikiwa na pikipiki nne za kupunguzika nguvu inaweza kumfundisha binti wa miaka 14 asubuhi na baba yake mchana kwa pikipiki moja. Hapo ndipo naona mlango. Kwa bei ya leo mlango huo bado una kufuli: VARG inauzwa zaidi ya dola 12,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 30 kabla ya meli na ushuru, wakati Boxer mpya ni milioni tatu hivi. Zipo nyepesi za Kichina kama Sur-Ron, kilo 50 tu, kwa kama theluthi ya bei hiyo. Sio za mashindano makubwa, lakini kwa kujifunzia kona na kuruka vichuguu zinatosha kabisa.

Twende kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo ubishi wa vijiweni huwa unakwama. Lita moja ya petroli imebeba nishati ya karibu uniti 9 za umeme. Betri ya VARG ya kwanza, yenye uzito unaozidi kilo 30, ilibeba 6. Kwa maneno mengine, mzigo wote ule ni sawa na theluthi mbili za lita, chupa ndogo tu ya maji ya dukani! Kinachoiokoa ni ufanisi. Injini ya petroli hugeuza kama robo tu ya mafuta yake kuwa mwendo na inayobaki huipuliza kama joto na kelele. Mota hugeuza asilimia 90 au karibu. Kwa hiyo zile uniti 6 hufanya kazi ya lita mbili na nusu hivi za petroli. Tenki la pikipiki ya motokrosi hubeba lita sita au saba.

Lita mbili na nusu zinakufikisha wapi? Kwenye uwanja wa mbio zinakutosha. Mbio za motokrosi za dunia huchukua dakika 30 na mizunguko miwili ya ziada. Zetu za huku ni fupi zaidi, na kati ya mbio na mbio kuna saa nzima ya watu kula nyama choma na kubishana kuhusu matokeo. Betri inachajiwa hapohapo. Porini hali ni nyingine. Kutoka Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110. Acha lami pale Oldonyo Sambu, ingia kwenye vumbi laini linalomeza tairi nusu, na utaona mshale wa betri ukishuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Waandaaji wa Dakar, zile mbio ndefu za jangwani, wenyewe walilikubali hili bila kusema sana: walipoanzisha kundi la magari na pikipiki za umeme na haidrojeni mwaka 2024, Mission 1000, waliwapangia kama kilomita 100 tu kwa siku, wakati wale wa petroli walikuwa wanakula mamia.

Gharama ya kuchaji ndiyo raha pekee ya hesabu hii. Sote tunajua ukinunua Luku ya elfu kumi kwa matumizi ya kawaida unapata uniti 28 na vipande. Kujaza betri ya uniti 6, ukihesabu na umeme unaopotea kwenye chaja, ni uniti 7 hivi, yaani shilingi 2,500. Petroli ya kazi hiyohiyo, kwa bei inayochezea elfu tatu kwa lita, inakaribia 7,500. Na hapo hujamlipa fundi. Injini ya motokrosi ya petroli hubadilishwa pistoni baada ya saa kadhaa za kukimbizwa, oili kila baada ya safari chache, na filta ya hewa huoshwa karibu kila siku ukiendesha Kisongo mwezi wa tisa, vumbi likiwa kama unga wa muhogo. Pikipiki ya umeme haivuti vumbi kwa sababu haivuti chochote.

Umeme wenyewe je? Hapo nina uzoefu wa mgao kama kila mtu. Tuna Nyumba ya Mungu hapo chini ya Moshi, megawati 8, mzee aliyechoka, na tuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwanzoni mwa 2024. Lakini Rufiji ni mbali, na mwaka 2025 Serikali yenyewe ilieleza kuwa umeme mwingi unapotea njiani ukija huku, hivyo ikapanga kununua wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya Kanda ya Kaskazini. Watu walipiga kelele sana kuhusu hilo. Mimi nilipoisikia niliwaza tu kwamba mwandaaji wa mbio atakayetegemea Luku peke yake siku ya Jumapili atakuwa mtu jasiri. Atahitaji jenereta ya akiba, na jenereta inakunywa dizeli, na hapo mzungumzaji wa mazingira kwenye jukwaa itabidi asimame mbali nayo kidogo.

Kuna jambo la kelele, na hili nimelibadilishia mawazo mara mbili.

Mwanzo nililiona kama faida tupu. Viwanja vya motokrosi husukumwa mbali na watu kwa sababu ya kelele, na umbali ni nauli. Mbio zisizo na kelele zinaweza kufanyika karibu na shule, karibu na stendi, Jumapili mchana bila mchungaji kutuma mtu. Kocha anaweza kumsemesha mwanafunzi akiwa kwenye kona na akasikika. Huko Afrika Kusini, tangu 2021, chuo cha mafunzo ya wanyamapori kilijaribu pikipiki za CAKE kwa askari wanaofuatilia majangili, kwa sababu moja rahisi: jangili husikia petroli kutoka mbali. Kwa mikoa iliyozungukwa na hifadhi kama yetu, naona hiyo ni ajira inayongoja waendeshaji hodari wa vumbini kuliko kombe lolote. (Kwa askari, nasema. Raia na pikipiki yake ya vumbini hana ruhusa ya kuingia hifadhini, hata iwe kimya kama paka.)

Kisha mpwa wangu akanunua moja. Ndogo, ya Kichina, imetumika, aliuziwa na mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Wiki ya kwanza akaipeleka njia za juu ya Ngaramtoni, na kwenye kona akatokea nyuma ya mama aliyebeba majani ya ng'ombe kichwani. Mama hakusikia kitu mpaka tairi lilipokuwa karibu na kisigino chake. Majani yalianguka, mpwa akaanguka, mama hakuguswa, namshukuru Mungu. Alichoambiwa siku ile kwa Kimeru sitakitafsiri. Huku kwetu njia ya vumbi sio kiwanja cha michezo: ni barabara ya mbuzi, ya watoto wa shule, ya wazee wanaorudi kutoka msibani, na wote hao wamejifunza kupisha kwa masikio. Siku iliyofuata mpwa alikwenda mnadani, akanunua kengele ya ng'ombe na kuifunga kwenye usukani. Mashine ya karne hii, inalia kama zizi. Nilicheka, lakini sijaona suluhisho bora zaidi ya hilo, na ndiyo sababu nyingine ya kusema mbio zianze ndani ya uwanja uliozungushiwa kamba.

Pikipiki hiyo ilinifundisha pia kuhusu mafundi. Baada ya miezi mitano ilizima ghafla. Tuliipeleka kwa fundi ninayemheshimu, mtu anayeweza kusikiliza Boxer ikipita barabarani akakuambia vali ya kutolea moshi imelegea. Safari hii hakuwa na cha kusikiliza. Alifungua kasha, akaona waya nene za rangi ya machungwa, akafunga kasha. Alikuwa na busara: betri ya aina hii ina nguvu ya kuua, na ikishika moto haizimwi kwa mchanga wa ndoo. Mwezi wa tatu 2019 moto uliwaka usiku kwenye hema la mashindano ya dunia ya pikipiki za umeme kule Jerez, Hispania, na pikipiki zote za msimu ziliteketea kabla hata ya mbio ya kwanza. Ikiwa wale wenye wahandisi wa Ulaya walipatwa, sisi tunaochaji chini ya dari la mbao tuwe na adabu.

Mwishowe tuligundua kuwa mota ilikuwa nzima, betri nzima. Kilichogoma ni programu, ikidai namba ya siri ambayo aliyeuza hakuitoa na waliotengeneza hawakujibu. Wiki saba pikipiki nzima ilikaa sebuleni kama mgeni asiyejua kuaga. Kwangu hiyo ni hatari kubwa kuliko moto. Pikipiki ya petroli iliyokufa Mererani inafufuliwa kwa waya na kipande cha kandambili. Hii inafufuliwa na mtu aliye Chongqing, akipenda. Klabu itakayoagiza pikipiki za umeme bila kudai mapema haki ya kufungua programu na kupata vipuri itakuwa imenunua mapambo.

Lakini mafundi hawa sio wa kudharau. Nairobi kampuni ya Roam inaunda pikipiki za umeme za boda, Kigali Ampersand wanabadilisha betri vituoni kama mitungi ya gesi, na waliozoea kazi hizo walianza na spana kama hawa wetu. VETA iko Moshi, iko Arusha. Chuo cha Ufundi kipo Arusha mjini. Taasisi ya Nelson Mandela ipo Tengeru. Kijana mwenye fremu ya Boxer iliyokufa, mota ya kuagiza na mwalimu wa kumwonyesha jinsi ya kukata umeme kabla ya kushika waya, atatengeneza kitu kibaya cha kutazama kitakachopanda kilima cha Kibosho na abiria wawili. Mbio ninazozitaka mimi ni hizo: kilima kimoja, saa ya kupima muda, Boxer upande mmoja na kazi ya kijana huyo upande mwingine.

Sheria ndizo zitakazotuchelewesha. Mwezi uliopita mpwa wangu, pikipiki ikiwa imefufuka na kengele yake, alikwenda kujiandikisha kwenye mbio ndogo za mtaani. Fomu ilikuwa na jina, umri, kundi la damu, na kisanduku cha cc. Akaandika sifuri. Msajili akaitazama fomu, akaitazama pikipiki, akamwita mwenzake. Madaraja yote ya motokrosi yamepangwa kwa ukubwa wa injini, na hapa hakuna injini. Tulisimama pale kwenye jua karibu nusu saa huku wakibishana, mmoja akitaka aende na watoto wa cc 85 kwa sababu pikipiki ni nyepesi, mwingine akisema hapana, itawaacha kwenye kilima cha kwanza. Walikubaliana akimbie peke yake, kabla ya mbio, bila kupimwa muda.

Alikimbia. Watu waligeuka kutafuta ng'ombe.